Raha ya skii kwa anayeanza iko wapi, na uanzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, natoka Mwanza na sasa nafanya kazi Munich. Wenzangu wa wodini wamenialika niende nao Garmisch, mji wa milimani, mwezi wa pili kuteleza kwa skii. Wote wakiongelea raha yake macho yanawang'aa, lakini mimi nikitazama video naona kasi na hofu tu. Nina miaka 34 na sijawahi hata kukanyaga theluji ya mlimani. Hiyo raha iko wapi hasa? Inampata na mtu anayeanza, au mpaka uwe bingwa? Nikienda, nianzeje nisije nikavunjika mguu? Halafu niambie ukweli: huu si mchezo wa wazungu tu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nenda, na umri usikutishe. Wengi wa watu wazima ninaowafundisha wamevuka thelathini, na wapo wanaoanza wakiwa na wajukuu. Umeniuliza mambo manne, lakini nitakaa zaidi kwenye lile la kwanza, kwa sababu ukilielewa hilo, mengine yanajipanga nyuma yake. Raha ya skii kwa anayeanza haitoki kwenye kasi. Inatoka pale unapogundua kwamba unaweza kuuachia mwili uende, kisha ukaurudisha mkononi mwako unapotaka. Na hiyo huhitaji kuwa bingwa kuipata. Inakuja siku ya kwanza au ya pili, kwenye kilima kilekile wanachotumia watoto wa chekechea. Mimi naamini anayeanza anaionja kwa ukali kuliko hata bingwa, maana kwake kila kitu ni kipya.

Angalia tunavyotembea. Tangu ulipojifunza kusimama, mwendo umekuwa ukiutoa mwenyewe: unasukuma mguu, unaenda, ukiacha kusukuma, umesimama. Kwenye skii mlima ndio unaokupa mwendo. Umesimama tu juu ya vibao viwili, hujafanya lolote, na ardhi inaanza kupita chini yako. Kazi inayobaki ni kuamua utakubali kwenda kwa kiasi gani. Ndiyo maana watu wazima hushtuka sana sekunde zile za mwanzo: mwili unatafuta breki yake ya siku zote, yaani kuacha kupiga hatua, na breki hiyo haipo.

Nikueleze inavyokuwa. Siku ya kwanza mwalimu mzuri hatakupandisha popote. Mtakaa uwanja tambarare, utavaa kibao mguu mmoja, utasukuma kwa mguu wenye buti tupu na kuteleza kwa ule wa kibao, utazunguka, utabadilisha mguu. Jasho litakutoka mapema kuliko unavyotarajia. Kisha vibao vyote viwili, na kupanda kwa ubavu hatua chache, ukingo wa chuma wa kibao ukiingia kwenye theluji kila hatua, mpaka mko mita mbili tatu tu juu ya uwanja. Unageuka. Unaachia. Mteremko ni mdogo, na chini ni tambarare, kwa hiyo utasimama mwenyewe hata usipofanya chochote. Lakini sauti ya vibao inabadilika, inakuwa mkwaruzo mwembamba unaopanda. Upepo unakugusa mashavu. Tumbo linainuka kidogo. Yote hayo ni sekunde nne au tano, na wengi wakifika chini hucheka kwa sauti bila kukusudia. Nimeona watu wenye vyeo vizito kazini wakicheka hivyo. Kitabibu hili unalijua vizuri: adrenalini imemwagika, moyo umekwenda mbio, ubongo umetangaza hatari, na hatari haikutokea.

Sasa nikuambie kinachowaangusha karibu watu wazima wote. Mtu akihisi anateremka, mwili humvuta nyuma, kuelekea mlimani. Kwenye njia ya matope silika hiyo ingemsaidia. Kwenye skii inamtupa. Ukiegemea nyuma, uzito unahamia visiginoni, ncha za mbele zinakuwa nyepesi na kuacha kushika theluji, na kibao kisichoshika mbele hakigeuki wala hakipunguzi mwendo. Kasi inaongezeka, unaogopa zaidi, unaegemea nyuma zaidi. Mapaja yanawaka moto, halafu unajikuta umekaa chini.

Dawa yake inapingana na kila unachohisi: sogea mbele. Muundi wa mguu uegemee ulimi wa buti muda wote, mpaka usikie unabana. Magoti yakunjwe kidogo, mikono iwe mbele mahali unapoiona, kama mtu aliyebeba sinia la chai akipita katikati ya wageni. Macho yatazame unakokwenda, yasishuke kwenye ncha za vibao. Mwalimu atakukumbusha muundi na mikono mpaka uchoke kumsikia, na aendelee tu kukukumbusha. Mara ya kwanza utakapothubutu kusogea mbele huku mteremko uko mbele yako, utahisi umejirusha. Halafu vibao vinatulia na kuanza kukusikiliza. Hapo unaanza kuelewa kwa nini wenzako wa wodini wanaongea vile.

Kabla ya kugeuka unajifunza kusimama, na mpangilio mwingine mimi siukubali. Ncha za mbele zinakaribiana, mikia inasukumwa nje, vibao vinachora herufi A. Ukingo wa ndani wa kila kibao unaikwangua theluji. Ukiipanua A unapunguza mwendo, ukiibana unaenda. Anayesukuma visigino nje na kulaza vifundo vya miguu kidogo kwa ndani husimama kwa utulivu. Anayetumia nguvu za mapaja peke yake naye husimama, ila baada ya nusu saa miguu inatetemeka. Rudia mpaka uweze kusimama mahali ulipopachagua kabla hujaondoka: pale penye kigingi, si mita tatu mbele yake. Siku utakapofanya hivyo mara kadhaa mfululizo, utaona hofu imebadilika sura. Bado ipo, lakini sasa unaweza kuifanyia kazi.

Kugeuka kunatoka kwenye A hiyohiyo. Ukitaka kwenda kushoto, kanyaga mguu wa kulia. Ukitaka kwenda kulia, kanyaga wa kushoto. Mguu wa nje wa kona ndio unaobeba uzito. Watu hugeuza mabega, hutikisa kiuno, hurusha mikono, wakati kinachotakiwa ni kukanyaga mguu mmoja zaidi ya mwingine, kisha kungoja. Na kungoja ndiko kugumu. Fuatilia kona moja polepole. Unakuja ukiukata mteremko kwa ubavu, mwendo mdogo, uko salama. Unakanyaga mguu wa nje. Ncha zinaanza kuelekea chini, kwenye njia ambayo maji yangeifuata kama yangemwagwa pale ulipo. Kwa sekunde moja hivi vibao vyote viwili vinatazama bondeni moja kwa moja, na kasi inapanda. Kila kitu ndani yako kinapiga kelele: acha, kaa, jitupe. Ukingoja, muundi uko mbele na mguu wa nje bado umekanyagwa, vibao vinaendelea kuzunguka mpaka upande wa pili, na mwendo unakwisha wenyewe kwa sababu sasa unaukata mteremko tena.

Sekunde hiyo ndiyo jibu la swali lako. Ndani yake umejiachia kabisa na hujui bado kama utajipata, halafu unajipata. Hofu na furaha zinagusana pale, huwezi kuzitenganisha. Na ukishamaliza kona moja, kona nyingine inakusubiri hapohapo chini, na sekunde nyingine ya namna ileile. Mtu akishazipata kumi mfululizo hasikii baridi, hakumbuki zamu ya usiku wala simu ambayo hakuijibu. Akili yote iko kwenye mguu mmoja na mita chache zilizo mbele yake. Nadhani ndicho watu wengi wanachokifuata mlimani hata kama hawakisemi hivyo.

Ndiyo sababu huwa nakataza wanaoanza kuvunja mwendo katikati ya kona. Anayevunja pale anajinyima hiyo sekunde, na tena anachoka bure. Mwendo unadhibitiwa kwa kuimalizia kona: zungusha mpaka vibao vikate mteremko, ikibidi mpaka vianze kuelekea juu kidogo. Mlima uliokupa mwendo ndio utakaouchukua.

Vibao vyenyewe vitakusaidia. Tangu miaka ya 1990 viwanda vinatengeneza vibao vifupi zaidi, vyembamba katikati na vipana mbele na nyuma, hivyo kibao kikilazwa ubavuni kinachora kona chenyewe. Waliojifunza zamani kwa vibao virefu vilivyonyooka walitaabika kwa siku nyingi kupata kile utakachokipata wewe kwa siku mbili. Kwa anayeanza, kibao kilichosimamishwa wima kifike kati ya kidevu na pua. Mtu wa dukani akikupa kinachopita kichwa, mrudishie.

Kuhusu kasi unayoiona kwenye video. Anayeanza huenda kilomita 10 hadi 20 kwa saa, na inatosha kabisa kumfanya ahisi anapaa, kwa sababu hana kioo mbele yake, hana ukuta pembeni, na weupe wa theluji unamnyima alama za kukadiria umbali. Video zinazosambaa kila Januari mara nyingi ni za Streif, kule Kitzbühel, Austria: njia ya mita 3,312 ambayo sehemu yake kali zaidi ina mteremko wa asilimia 85. Wanamashindano huteremka pale kwa kasi kubwa kuliko magari mengi kwenye barabara kuu. Mwaka 2023 Mfaransa Simon Billy alifikia kilomita 255.5 kwa saa huko Vars, Ufaransa, kwenye mbio za kasi tupu. Hao ni watu wengine na kazi nyingine. Garmisch nako kuna njia ya mashindano, Kandahar, na mashindano ya kombe la dunia hufanyika hapo. Wenzako wakikuambia twende Kandahar, waage kwa upendo, wewe ubaki mlima wa Hausberg kwenye sehemu ya wanaoanza.

Na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Usikubali kufundishwa na rafiki, mpenzi wala mume. Anayejua kuteleza si lazima ajue kufundisha, na aliyejifunza akiwa na miaka minne hakumbuki hata kidogo alivyojifunza. Ninachokiona mara kwa mara ni hiki: rafiki anampandisha mgeni lifti hadi juu, anamwambia "nifuate tu", anateremka mita mia moja, anageuka na kupunga mkono. Mgeni amebaki juu, anatetemeka, hajui hata kusimama. Mtu huyo atashuka kwa makalio, au atashuka kwa miguu amebeba vibao begani, na hatarudi tena maishani. Amenyimwa kitu kizuri na mtu anayempenda. Lipia shule ya skii, kundi la watu wazima wanaoanza, siku mbili au tatu. Wenzako mtakutana saa za chakula, watakusimulia yao na wewe utawasimulia yako.

Ufundishaji wa hatua kwa hatua una historia yake, na inafaa kuiheshimu. Hannes Schneider, aliyezaliwa mwaka 1890 katika kijiji cha Stuben huko Arlberg, Austria, ndiye aliyeupanga mpaka ukaenea: kwanza ile A, kisha kona za A, kisha kona ambazo vibao vinakaribiana taratibu. Mwaka 1930 alialikwa Japani kuufundisha. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938 walimfunga, na mwaka uliofuata akahamia Marekani, North Conway katika jimbo la New Hampshire, akaendelea kufundisha. Mwalimu wako wa Garmisch atakapokuambia "panua, bana, kanyaga wa nje", anafuata ngazi alizozijenga mtu huyo.

Tuje kwenye vifaa. Usinunue kitu, kodi kila kitu isipokuwa soksi na glavu. Buti ndiyo muhimu kuliko vyote, kuliko hata vibao. Vaa soksi moja tu, nyembamba, ndefu ya kufika chini ya goti. Soksi mbili hujikunja na kuchubua, na damu isipopita vizuri vidole vinapata baridi zaidi. Hakuna suruali wala taiti inayoingizwa ndani ya buti, ni soksi na ngozi basi. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti virudi nyuma na kisigino kikae imara, kisinyanyuke. Buti pana inayokaa kama ndala ni mbaya kuliko inayobana, kwa sababu mguu ukicheza ndani, kibao hakipati amri yako. Ukihisi maumivu ya kuchoma mahali pamoja, rudi dukani siku hiyohiyo ubadilishiwe. Usijikaze.

Dukani watakuuliza uzito, urefu, umri, namba ya mguu, na kama umewahi kuteleza. Sema kweli, hasa uzito na kwamba hujawahi. Wapo wanaopunguza kilo kwa aibu na wapo wanaojipandisha daraja. Majibu hayo ndiyo fundi anayotumia kukaza vile vifungio vinavyoshika buti kwenye kibao. Kifungio kinatakiwa kiachie mguu ukianguka na kujipinda. Kikikazwa kupita kiasi kinakataa kuachia, na goti ndilo linalolipa. Kikilegezwa mno kinakuachia ukiwa katikati ya kona.

Kofia ngumu vaa, sina mjadala. Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya kwao havilisemi: nywele. Ukiwa na rasta zilizofungwa fundo juu ya kichwa, kofia haitakaa, itapanda na kuacha paji wazi. Sukia chini, au fungia shingoni nyuma, kisha ujaribu kofia dukani ukiwa na nywele zilezile utakazokwenda nazo mlimani. Anayejistiri avae hijabu nyembamba ya michezo au kofia ya kitambaa inayofunika kichwa na shingo, kisha kofia ngumu juu yake. Skafu ndefu inayoning'inia hapana, lifti itaikamata.

Nguo ziwe tabaka tatu: ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho inakaa na baridi mwilini, ya katikati ya kutunza joto, ya nje isiyopitisha maji wala upepo. Glavu zisizopitisha maji ni lazima, utaanguka na mikono itaingia kwenye theluji. Na jua, mdogo wangu. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, inakupiga kutoka juu na kutoka chini. Ngozi yetu nayo inaungua, midomo inapasuka, macho yanawasha usiku kucha. Paka mafuta ya kukinga jua hadi chini ya kidevu, vaa miwani.

Mwinuko usikuwazishe. Mji wa Garmisch uko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kuliko Mwanza ulikozaliwa, inayopita mita 1,100. Mkipanda Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani wenye mita 2,962, hapo upepo ni mkali na siku ya kwanza hakukufai.

Sasa mguu wako. Kuanguka utaanguka, na mara nyingi haiumi. Ukiona unakwenda, angukia ubavuni, upande wa mlimani, achia fimbo ulizoshika mikononi, na usijaribu kusimama ukiwa bado unateleza. Jeraha kubwa linalojulikana zaidi kwenye skii ni la kano za goti, kuliko kuvunjika mfupa, na anayeanza hupata hasa kwenye anguko la polepole la kujipinda, kwa sababu mwendo ni mdogo mno kifungio hakiachii. Lingine ni kidole gumba kukunjwa na fimbo. Kwa hiyo siku za mwanzo omba mjifunze bila fimbo kabisa, waalimu wengi hufanya hivyo. Kuinuka: weka vibao upande wa chini, vikate mteremko, sogeza makalio karibu navyo, jisukume. Ikishindikana vua kimoja. Na miguu ikianza kutetemeka, umemaliza siku, hata kama ni saa nane mchana na tiketi inaruhusu mpaka jioni. Mchana theluji imekuwa nzito na imechimbwa na maelfu ya vibao, wakati wewe umechoka. Mchanganyiko huo siupendi. Hakikisha pia bima yako inalipia kuokolewa mlimani. Namba ya dharura huko ni 112, na Bergwacht, waokoaji wa milimani, ndio watakaokuja.

Njia hupewa rangi kulingana na ugumu: Ujerumani, Austria na Uswisi, bluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ngumu. Ufaransa wana kijani chini ya bluu. Ndugu zako wa Marekani na Kanada wakikushauri uanze na bluu, ujue kwao anayeanza hupewa duara la kijani, na mraba wa bluu ni wa mtu wa kati. Zipo kanuni 10 za mwenendo za Shirikisho la Kimataifa la Skii, zisome zote, lakini moja ikutulize kabla hujafika: anayetoka nyuma ndiye anayewajibika kumkwepa aliye mbele. Huna haja ya kugeuka kila mara kuona nani anakuja. Wajibu wako ni kutazama juu kabla ya kuondoka na kutosimama katikati ya njia, hasa chini ya kilele ambapo hawakuoni.

Siku ya kwanza mtapandishwa na mkanda unaotembea, unasimama tu juu yake. Siku ya pili huenda ikawa lifti ya viti, nayo huwatia watu hofu kuliko mteremko. Lifti ya kwanza ya aina hiyo ilijengwa Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, na mhandisi wa reli James Curran aliitoa kwenye mitambo ya kupakia ndizi melini: akaondoa ndoano ya mkungu, akaweka kiti. Siri yake ni kushuka. Ncha za vibao ziinuliwe kidogo, zikigusa theluji simama, kiti kikusukume, nenda moja kwa moja bila kugeuka mpaka umewapisha wa nyuma. Mwambie mhudumu kabla ya kupanda kwamba ni mara yako ya kwanza, atapunguza mwendo wa kiti. Hakuna aibu, hiyo ndiyo kazi yake.

Wazungu tu? Mwaka 1998 huko Nagano, Mkenya Philip Boit, mkimbiaji aliyejifunza skii ukubwani, alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10 za skii ya nyika, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Ile ilikuwa skii ya tambarare na vilima. Kwa mteremko kama utakaoujaribu wewe, yupo Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliyeshindana kwa bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018. Lesotho wana Afriski, inayofanya kazi miezi ya Juni hadi Agosti. Na jamaa zetu wa Ghuba wana Ski Dubai, ndani ya jengo la maduka tangu mwaka 2005, yenye njia ya mita 400. Kwa wanaoishi huko ni mahali pazuri pa kujaribu ile A bila kusafiri. Ukifika Garmisch huenda ukawa mweusi peke yako kwenye kundi. Watakutazama dakika tano, kisha kila mtu atarudi kutazama ncha za vibao vyake, maana wote mnaanza.

Ukiweza, omba likizo siku tatu za katikati ya wiki badala ya Jumamosi na Jumapili. Mwezi wa pili mara nyingi kuna wiki ya likizo ya shule Bavaria, ikwepe, foleni inakula nusu ya somo. Chukua darasa la asubuhi, theluji ikiwa bado imetandazwa vizuri na mashine za usiku. Siku ya tatu mwambie mwalimu akupeleke bluu moja ndefu, moja tu, na muishuke kwa kona za mviringo bila haraka, mkisimama pembeni kila unapotaka kuvuta pumzi. Kisha niandikie uniambie kona ya kwanza uliyoingoja mpaka mwisho ilikuwa ya kushoto au ya kulia, kwa sababu upande mmoja utakuja kirahisi na mwingine utakusumbua, na nikijua ni upi nitakutumia mazoezi yake.